Sucuk yangu ya kwanza niliitupa yote

Kilo mbili za nyama ya ng'ombe, mafuta ya mkia wa kondoo, thomu, uzile, pilipili nyekundu: zote jaani. Nilitaka kutengeneza sucuk, ile soseji ya Waturuki inayochachushwa ikiwa mbichi kisha ikakaushwa, maana hapa Berlin nimeizoea. Nikajaza utumbo, nikatundika jikoni. Siku ya tatu ina utelezi, na harufu usiniulize.

Nilidhani nyama itachacha yenyewe kama mtindi wa mama. Lakini kibuyu cha mama hakikuwahi kuwa kitupu. Kilibaki na mtindi wa jana, ndiyo mbegu. Mimi sikuweka mbegu.

Siku hizi nanunua pakiti ya bakteria wa soseji, aghalabu Latilactobacillus sakei au Pediococcus. Nawapa glukosi, gramu 5 kwa kilo, wanaigeuza asidi ya laktiki. Kwa joto la nyuzi 22 hivi, pH, yaani kipimo cha uasidi (ikishuka, asidi imeongezeka), inatoka kwenye 5.7 na kushuka chini ya 5.3 katika siku mbili. Hizo siku mbili ndizo zenye vita. Asidi ikichelewa, bakteria Staphylococcus aureus anapata nafasi ya kumwaga sumu, na sumu yake haifi hata ukiikaanga vipi. Kwa hiyo wanaosema "si utaipika tu?" wasikudanganye. Baadhi ya hao sakei hutoa pia sakasini, protini inayoua listeria, bakteria mwingine wa hatari kwenye chakula.

Wasaidie. Mimi natia chumvi yenye nitriti, ile inayouzwa tayari hapa Ujerumani kwa ajili ya nyama, yenye nitriti asilimia 0.4 hadi 0.5 tu, gramu 28 kwa kilo. Hiyo inazuia botulizimu, ugonjwa wa sumu ya bakteria inayoweza kuua. Pima kwa mzani, usikisie kwa kijiko. Kisha kausha mpaka soseji ipungue theluthi ya uzito wake.

Hata hivyo walinzi hawa wana mipaka. Mwaka 1994 huko Marekani, salami iliyochachushwa iliwafanya watu wa majimbo ya Washington na California waugue kwa E. coli O157:H7, bakteria anayevumilia asidi. Ndiyo maana sucuk yangu naikaanga na mayai mpaka iive ndani, na mbichi simpi mtoto wala mjamzito.

Kabla ya nyama, nunua kipima pH. Pua haitakuambia kitu kuhusu listeria. Saa 48 zikipita na namba haijafika 5.3, tupa, hata kama inanukia vizuri. Mimi nimeshatupa mara ya pili, na hiyo ilinukia vizuri kweli.