Jibu: Sigara mbili tatu kwa siku zina madhara?

Ndugu yangu, umeuliza kama sigara mbili tatu kwa siku zina madhara, maana wewe humalizi pakiti. Zina madhara, tena makubwa kuliko unavyodhani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa anayevuta sigara moja tu kwa siku hubeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo aliyonayo mvutaji wa sigara 20. Moshi ule una kaboni monoksidi, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, na kemikali nyingine huumiza kuta za mishipa hadi damu inaganda kirahisi.

Baba yangu mdogo naye alikuwa wa mbili tatu. Miaka yake ya mwisho alikuwa akifunga kamba za viatu anapumzika katikati, mdomo wazi, anatafuta pumzi. Sijasahau.

Usipunguze, acha kabisa. Baada ya mwaka hivi, hatari ile ya moyo inashuka kwa karibu nusu. Arosto hukaza zaidi wiki ya kwanza; ukizidiwa, muulize daktari kuhusu vibandiko au chingamu za nikotini. Na kama una watoto nyumbani, usivutie hata dirishani.