Rangi za Injini ya Volkswagen Inayopozwa kwa Hewa

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeifungua injini ya cc 1500 ya Volkswagen Beetle ya mwaka 1967 niliyorithi kwa marehemu baba yangu, na sasa vipuri vyake vimetandazwa gerejini vikisubiri rangi. Fundi rangi ananishauri nipulize rangi ya fedha injini nzima ili ing'ae, nami natamani mabati yake yawe mekundu. Je, rangi inaweza kuifanya injini ichemke?
Msomaji, Nyakato, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, inaweza, ingawa kinachodhuru zaidi ni unene wa rangi kuliko rangi yenyewe. Injini hii haina rejeta; joto la silinda na vichwa vyake huondolewa na hewa ambayo feni huisukuma katikati ya mapezi, yaani zile bapa nyembamba zilizojipanga juu ya silinda na vichwa, na kila tabaka la rangi juu ya mapezi hayo ni blanketi. Tena Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na sioni sababu ya kuiongezea injini mzigo mwingine.

Usikubali, basi, kupuliza injini nzima. Bloku ni la mchanganyiko wa magnesiamu na vichwa vya silinda ni vya alumini. Vyote vilitoka kiwandani bila rangi, na ndivyo ninavyokusihi uviache. Vioshe kwa mafuta ya taa na brashi, wala usiliguse bloku kwa mashine ya kusagia chuma, maana vumbi laini la magnesiamu hushika moto upesi na moto wake hauzimwi kwa maji. Kisha inua kila kichwa kwenye mwanga uchungulie katikati ya mapezi: mara nyingi utakuta mabaki ya kalibu, yaani alumini ya ziada iliyobaki kichwa kilipomiminwa kiwandani, yameziba njia ya hewa, nayo huondolewa taratibu kwa tupa nyembamba. Kazi hiyo itaisaidia injini kuliko rangi yoyote utakayonunua.

Silinda ni za chuma cha kalibu, na kwa unyevu wa huku ziwani hushika kutu mapema. Zipulizie rangi nyeusi isiyong'aa, inayostahimili joto, tabaka moja jembamba kiasi kwamba ukitazama kwa karibu bado unaona mkwaruzo wa chuma. Ziba kwa tepu kingo zilizochongwa za juu na za chini, kwa sababu rangi ikibaki hapo silinda haitakaa sawasawa kwenye kichwa wala kwenye bloku. Kipoza oili kiache kama kilivyo.

Mabati kazi yake ni kuongoza hewa, kwa hiyo wekundu hautaidhuru injini. Hata hivyo, kwa gari la urithi ningerudisha nyeusi ya kiwandani, yenye mng'ao wa wastani. Muhimu zaidi, mabati yote yawepo, pamoja na mpira unaozunguka chumba cha injini, la sivyo feni itavuta tena hewa ya moto inayotoka chini.

Ekzosi inahitaji rangi inayostahimili joto la nyuzi 600, ambayo hukomaa kwa joto: washa injini kwa muda mfupi, zima, iache ipoe, kisha rudia kwa muda mrefu zaidi. Usipulize rangi asubuhi na mapema wala mara baada ya mvua, kwani unyevu huiachia utando mweupe. Subiri jua likaushe bati, na ujaribu kwanza kwenye kipande chakavu.