Kabla Hujachora, Chimba Shimo: Kwa Vijana Mnaoanza Kazi ya Kufufua Maeneo Yaliyoachwa

Wadogo zangu mlioripoti kazini mwezi huu hapa Mbeya, mtapewa ramani ya yadi ya zamani, maghala yake yameota magugu, na mkubwa atawaambia, "Eneo liko wazi, anzeni kuchora." Naomba neno hilo "wazi" mlipokee kwa tahadhari. Tangu nianze kazi hii sijaona eneo la zamani lililo wazi. Kuta na mapaa mtayamaliza kwa siku moja. Kazi iko kwenye udongo, kwenye maji, na kwa watu waliokuwapo kabla yenu.

Yadi yangu ya kwanza ilikuwa hapa hapa mjini. Tulichora kwanza, michoro mizuri kabisa, kisha tukaanza msingi wa jengo la kona. Sururu ikagonga chuma. Lilikuwa tangi la mafuta lililofukiwa, halimo kwenye mchoro wowote tuliopewa, na udongo wote kulizunguka ulikuwa mweusi, unanuka dizeli. Kazi ikasimama, mvua za Novemba zikatukuta shimo liko wazi. Mlinzi wa getini, mzee wa Kinyakyusa, akaja akasimama ukingoni, akasema, "Mwanangu, hapo ndipo malori yalikuwa yanajaza mafuta." Miezi mitatu tulikuwa tunampita asubuhi, "Ugonile, baba," na kuendelea na safari zetu. Hakuna aliyekaa naye hata nusu saa kumuuliza. Jambo hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo siku ya kwanza tafuteni mlinzi, dereva mstaafu, mama aliyeuza chai langoni. Waombeni watembee nanyi uwanjani, na kila wanapoonyesha pigeni vigingi: hapa palikuwa karakana, hapa walimwaga oili chafu, hapa walirundika betri. Mashimo ya majaribio yachimbwe hapo kwanza, ndipo yafuate yale ya kupangwa kwa vipimo sawa. Sampuli yenye harufu ya mafuta iwekwe kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, isiwekwe kwenye mfuko wa nailoni, na iandikwe kina ilikotolewa. Zungushieni shimo uzio, mrudi kesho yake asubuhi mpime maji yaliyojikusanya. Udongo wetu wa majivu ya volkano ni mwepesi na hupitisha maji haraka, na maji yanapopita huweza kuondoka na uchafu hadi kisima cha jirani.

Mapaa nayo. Maghala mengi ya zamani yameezekwa asbesto, yale mabati ya kijivu yanayofanana na saruji. Kijana asipande na nyundo kuyavunja. Vumbi lake huingia mapafuni, na madhara huja miaka mingi baadaye. Hulowanishwa, hufunguliwa zima zima, hufungwa kwenye nailoni nzito, na anayefanya hivyo avae barakoa maalumu ya vumbi hilo. Kitambaa puani hakisaidii kitu. Mwiteni afisa mazingira kabla ya kugusa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 isomeni wenyewe, msisubiri kusimuliwa.

Wenzetu wa Uingereza walipitia haya kwa ukubwa ambao sisi hatujaufikia. Kontena zilipokuja na meli zikawa kubwa, bandari za katikati ya miji zilikufa moja baada ya nyingine. Albert Dock ya Liverpool, iliyofunguliwa mwaka 1846 kwa tofali, mawe na chuma ili isishike moto, ilifungwa mwaka 1972. Bwawa lake la kuegeshea meli likajaa tope. Shirika la uendelezaji lililoundwa mwaka 1981 lilianza na tope hilo: kulichota, kutengeneza malango, kurudisha maji. Maghala yakakarabatiwa, na mwaka 1988 eneo likafunguliwa rasmi likiwa na makumbusho, maduka na ofisi. Ninawatajia Liverpool kwa sababu ya mpangilio huo, maji kwanza na rangi ya ukuta baadaye.

Sisi tope tunalijua. Shukeni Kyela mkaione bandari ya Itungi. Mito inayoteremka kutoka milima ya Rungwe hupeleka mchanga na tope Ziwa Nyasa kila masika, kina kikapungua, shughuli za meli zikahamia bandari ya Kiwira. Ukitaka kufufua gati la namna hiyo, ukarabati wa ofisi na ghala hautakufikisha popote kama hujapanda mtoni kuangalia wanakolima kingoni. Kuchota tope bila kugusa linakotoka ni kuchota kila mwaka.

Kuhusu majengo nitasema kidogo tu: msibomoe haraka. Boma la Iringa lilijengwa na Wajerumani mwaka 1914, na tangu 2016 ni makumbusho. Nendeni mkapapase kuta zile.

Watu ndio sehemu ngumu. London, shirika lililosimamia eneo la bandari kuanzia 1981 hadi 1998 liliacha reli nyepesi, nyumba na maghorofa ya benki, lakini wenyeji wengi, watoto wa wapakuzi wa meli, walilalamika kwamba ajira na nyumba hizo hazikuwa zao. Yadi yenu nayo ina wake: mama ntilie wawili watatu, fundi wa pikipiki, vijana wa chuma chakavu. Nendeni na mwenyekiti wa mtaa, waandikeni wote, mpime hatua kutoka jiko la mama hadi bomba analochota maji, kisha mchoro wa kwanza mtakaonionyesha uwe na hilo jiko ndani yake, limeandikwa jina la shughuli, na njia ya maji imefika. Mchoro usio nalo nitaurudisha.

Na mvua kubwa ya kwanza ikinyesha msikae ofisini. Vaeni mabuti, mwende uwanjani, mfuate maji kwa miguu mpaka mjue yanatokea wapi na yanaingia kwa nani.