Picha za asili ukutani mwa maktaba Kigoma: anza na jua la jioni

Kabla ya kuchagua picha hata moja, ingia maktaba saa kumi alasiri utazame jua linapiga wapi. Kigoma jua huzama ng'ambo ya ziwa, nyuma ya milima ya Kongo, na dirisha la magharibi hupigwa hadi jioni. Ukuta unaopata jua hilo uache. Wino wa printa za kawaida hupauka, na kioo cha fremu humwonyesha mtazamaji sura yake badala ya sokwe wa Gombe. Kwa hiyo chapisha kwenye karatasi isiyong'aa, bila kioo wala leminesheni.

Picha ya A3 inataka angalau pikseli 3,300 kwa 2,300. Iliyotumwa WhatsApp kama picha ya kawaida imeshabanwa, na kilichopotea hakirudi. Mpigapicha aitume kama dokumenti au alete memori kadi yenyewe.

Selotepu ya pande mbili hulegea kwa joto, kisha hubandua rangi ya ukuta. Karatasi iliyoshikwa pembe nne tu hujikunja kwa unyevu wa mvua. Ibandike yote juu ya hadibodi kwa gundi ya kupuliza, ukiisukuma kwa kitambaa kikavu kutoka katikati kwenda pembeni. Gundi ya maji huleta mapovu. Ining'inize kwa kamba mbili, maana kamba moja huipindisha. Katikati ya picha iwe sm 145 kutoka sakafuni; wakija zaidi watoto wa msingi, sm 125. Picha 20 za kulala, zikiachana sm 15, zinakula ukuta wa mita 11 na robo.

Maelezo ndiyo yanayoharibiwa zaidi, nayo ndiyo yanayomsimamisha mtu. Tanguliza jina la hapa, kisha la kisayansi: mgebuka, kisha Lates stappersii; kuhe, kisha Boulengerochromis microlepis. Mvuvi wa Kibirizi akisoma “samaki wa Ziwa Tanganyika” tu, hujapata la kumwambia. Sokwe asiitwe nyani, kwani Gombe wanyama wote wawili wapo. Maneno 40 yanatosha, herufi za ukubwa wa 20, pamoja na mahali na tarehe. Kiota cha ndege adimu usitaje kilipo hasa.

Chini ya picha za samaki weka daftari, na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Wavuvi watasahihisha majina. Kadi mpya ya maelezo iandikwe siku hiyohiyo.