Barua kwa mwanangu: kuhusu zile bahasha

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata, nasi huku Muheza, Tanga, ni wazima. Umenieleza kwamba umeitwa kujiunga na timu inayojaribu matibabu ya malaria kali kwa watoto, na kabla hujawajibu unataka kujua kwangu: niliwezaje, mimi niliyezaa, kufungua bahasha na kuacha karatasi iliyomo, iliyopangwa kwa bahati nasibu, ndiyo iseme mtoto mahututi apewe nini? Ukaongeza kwamba wenzako wanasema huko ni kuwachezea kamari watoto wa maskini. Swali hilo ni la haki, na sikutaka kulijibu kwa simu huku mtandao unakatakata.

Wodi ya watoto ya miaka ile hukuijua, maana sikukuruhusu kuingia. Masika yakikolea walilala wawili, pengine watatu kitanda kimoja. Wengi walikuwa hawajafika miaka miwili, viganja vyeupe kwa kuishiwa damu, kwa sababu penye mbu wengi kama kwetu malaria humkausha mtoto damu mapema kabla mwili wake haujaizoea. Wengine waliletwa na degedege, wameshapitishwa kwa mganga. Sikumlaumu bibi yeyote kwa hilo. Mtoto akikakamaa macho yakageuka juu, mtu hukimbilia msaada anaoujua, na hospitali ilikuwa mbali.

Nasi tuliovaa makoti meupe tulikuwa na imani zetu. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Wagonjwa 4474 walikuwa wamelazwa na kutibiwa kama wenye malaria kali, watoto kwa watu wazima. Damu zao zilipopimwa kwa makini, waliokuwa na vimelea walikuwa asilimia 46 tu. Zaidi ya nusu walikuwa na ugonjwa mwingine, na hao ndio waliokufa kwa wingi zaidi, na wengi wao hawakupewa antibayotiki. Hakuna aliyewafungulia bahasha watu wale. Kila mmoja alitibiwa na daktari mwenye uhakika.

Jambo hilo liweke mbele unapowasikiliza wenzako. Wanadhani bila utafiti mtoto hupata matibabu yaliyothibitishwa, na utafiti ndio unaomwingiza kwenye bahati nasibu. Ningetamani ingekuwa hivyo. Mahali ambapo hakuna ajuaye lipi bora, mtoto ameshaingizwa kwenye bahati nasibu tayari: amelazwa zamu ya nani, daktari huyo alisomea wapi, duka la dawa lina nini usiku huo. Tofauti ni kwamba hiyo haiandikwi popote, na watoto wakifa hakuna anayewahesabu ili ajue ni kwa nini.

Chukua kwinini. Vizazi na vizazi tuliitegemea, nami nimeona watoto wengi wakiamka kwa kwinini. Ilikuwa pia ikishusha sukari ya damu, na dripu yake ilihitaji mtu wa kuichunga kwa saa nyingi, mtu ambaye wodi yetu mara nyingi haikuwa naye. Mwaka 2005 matokeo kutoka Asia yalionyesha kwamba artesuneti ya sindano, dawa nyingine ya malaria, inaokoa zaidi, lakini wengi wa wagonjwa wale walikuwa watu wazima. Je, kwa mtoto wa Kiafrika? Madaktari niliowaheshimu walivutana. Wapo waliosema ushahidi umeshatosha, tuache kwinini leo. Wapo waliosema ugonjwa wa mtoto si ule wa mtu mzima, tusibadili dawa ya bara zima kwa kukisia. Basi ukafanyika utafiti ulioitwa AQUAMAT, katika vituo 11 vya nchi 9 za Afrika, Muheza yetu na Kilifi ya Kenya vikiwemo. Watoto 5425 waliingia. Waliopewa kwinini walifariki 297, waliopewa artesuneti 230, na makundi yalikuwa karibu sawa kwa idadi. Matokeo yalitoka Novemba 2010, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo. Artesuneti unayoagiza leo bila kufikiri mara mbili ilipatikana kwa njia hiyo.

Najua lakini kwamba swali lako halikai hapo. Kulinganisha dawa na dawa mtu anaweza kulimeza. Linalokusumbua ni kundi la wasiopewa kitu. Kwa hiyo nikueleze utafiti wa FEAST, ambao uliniweka macho usiku mwingi kuliko kazi nyingine yoyote.

Uliongozwa na Kathryn Maitland, daktari wa watoto aliyekuwa akifanya kazi Kilifi, na ulifanyika Uganda, Kenya na hapa kwetu kuanzia 2009. Walihusika watoto wenye homa kali ambao damu haifiki vizuri mwilini: kifua kinaunguza lakini miguu baridi, mapigo dhaifu, ukibonyeza ngozi inachelewa kurudi rangi yake. Zaidi ya nusu yao walikuwa na malaria. Katika nchi tajiri mtoto wa namna hiyo alimiminiwa maji ya mshipani kwa kasi ndani ya saa ya kwanza, na vitabu vyote vilifundisha hivyo. Hospitali zetu nyingi hazikuwa na mazoea hayo, na wengi walisema ndiyo sababu watoto wetu wanakufa. Makundi yakawa matatu: wa maji ya chumvi, wa albumini (majimaji yenye protini ya damu), na wale wasiomiminiwa maji kwa kasi kabisa.

Hao wa kundi la tatu ndio walioniumiza. Muuguzi mmoja alinijia usiku akilia, akaniuliza kama kweli tunamwacha yule mtoto hivihivi. Nilimwonyesha tulichokuwa tukimpa: oksijeni, damu, sukari, dawa ya malaria, antibayotiki, na mtu wa kumwangalia saa kwa saa. Hayo aliyapata kila mtoto aliyeyahitaji, bahasha iseme lisemalo. Kabla ya hapo mengi ya hayo hatukuwa nayo.

Januari 2011 utafiti ulisimamishwa kabla ya kufika mwisho, watoto 3141 wakiwa wameshaingia. Kamati huru iliyokuwa ikitazama takwimu iliona tofauti ambayo haikuruhusu kuendelea. Kufikia saa 48, katika kila kundi lililomiminiwa maji walikuwa wamefariki karibu 10.5 kwa kila 100. Katika kundi la wasiomiminiwa, 7.3. Watoto tuliowalilia ndio waliokuwa salama zaidi. Wengi walidhani maji yalijaa mapafuni au yakavimbisha ubongo. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya vifo vilivyozidi ilitokana na moyo na mzunguko wa damu kuzimika. Ulimwengu wa tiba ulibishana kwa miaka, lakini mwongozo wa kumpa mtoto wa namna hiyo maji ukabadilika.

Sasa fikiria kama tungefuata huruma. Tungeomba fedha za kununua maji, tungemmiminia kila mtoto kuanzia Muheza hadi Soroti kule Uganda, na tungeitwa watu wema. Vifo vile vitatu vya ziada katika kila mia visingeonekana kamwe, kwa sababu wodi ya mahututi ina vifo tayari.

Sisemi kwamba bahasha huhalalisha kila kitu. Kuna utafiti niliokataa kuushiriki, kwa sababu jibu lilikuwa limeshajulikana kwingine na waliotaka kuufanya walikuwa wakitafuta mahali pa bei nafuu. Huo ndio ungekuwa kuwachezea watoto wa maskini, na wenzako wana haki ya kuuogopa. Vilevile ridhaa: mama aliyefika na mtoto asiyejitambua hawezi kusomewa kurasa kumi. Kwenye FEAST tuliomba kwanza kauli yake kwa mdomo ili matibabu yasichelewe, kisha tukarudi na maelezo kamili hali ikitulia. Kina mama waliuliza maswali makali kuliko ya kamati yoyote ya maadili niliyowahi kukaa mbele yake. Mmoja aliniuliza kama ningemwingiza wangu. Nilimjibu ndiyo, na nilimaanisha wewe.

Kazi haijaisha, mwanangu. Angalia tena ile hesabu ya artesuneti: hata kwa dawa bora tuliyonayo, walikufa zaidi ya 8 katika kila 100. Dawa inaua vimelea, lakini mtoto anaweza kufa vimelea vikiwa vinaisha. Kule Blantyre, Malawi, timu ya Terrie Taylor, daktari mtafiti wa malaria, ilitumia mashine ya MRI kuangalia ubongo wa watoto waliozimia kwa malaria, na mwaka 2015 ikaonyesha kwamba wengi wa waliofariki ubongo wao ulikuwa umevimba vibaya, ukibana sehemu inayoendesha pumzi. Baadhi ya watoto uvimbe huo ulishuka wenyewe wakapona. Kwa hiyo wakauliza kama mtoto akisaidiwa kupumua kwa siku hizo chache atavuka. Ni swali linalostahili jibu la kweli.

Kabla hujasaini chochote, waombe mpango mzima wa utafiti usome mwenyewe. Tazama kundi la kulinganishia linapata nini, kamati ya takwimu ina akina nani na nani anaweza kuwaambia wasimame, na nani atakuwa wodini saa tisa usiku wa Jumapili. Nitumie nakala, nami nitaisoma na kukuandikia ninachokiona. Baba yako anakusalimu sana.

Mama yako