Mkuu, kabla hujalipa: hiyo tiketi anaishika nani?

Mkuu, usiweke namba za kadi yako kwenye hiyo tovuti. Umesema unataka kucheza bahati nasibu, Powerball ya Marekani na EuroMillions ya Ulaya, kwa wakala wa mtandaoni anayetoa punguzo kwa wageni, halafu ukauliza kodi zikoje, nani anasimamia, na nchi ipi ina droo rahisi kushinda. Kodi itasubiri. Uliza kwanza tiketi yenyewe itakuwa mikononi mwa nani.

Mimi nilinunua kwa mtindo huohuo na namba zangu zikatoka. Haikuwa jakipoti, ila zilikuwa pesa za maana. Nikaomba malipo. Wakataka pasipoti, kisha bili, kisha pasipoti tena kwa madai kwamba ya kwanza haisomeki. Mwisho wakanitumia kifungu cha masharti yao: sikununua tiketi, niliweka dau juu ya matokeo ya droo. Yaani nilikuwa nabeti tu! Mwendeshaji wa bahati nasibu hanijui, hakuna tiketi iliyotolewa popote kwa ajili yangu, na wa kunilipa ni wao wenyewe, wakipenda. Niliiandikia mamlaka inayosimamia ile droo, ikanijibu kwamba kwao mimi si mchezaji. Sijalipwa hadi leo.

Kinachoniuma zaidi ni yule aliyenielekeza. Kwenye kundi letu alijiita mchambuzi, anabandika picha za miamala, kila swali analo jibu. Kumbe analipwa kamisheni kwa kila anayejisajili kupitia kiungo chake. Tofauti ya tiketi na dau aliijua vizuri, akanyamaza. Nilipombana akaniblock. Sasa huyo aliyekuwekea hapa kiungo cha huyo wakala wako, muulize hapahapa, mbele ya watu wote, kama naye analipwa.

Serikali zinaujua mchezo huu. Uingereza ilizuia mwaka 2018 kubeti juu ya droo za EuroMillions za nje ya nchi, na Australia ikapiga marufuku kubeti juu ya matokeo ya bahati nasibu kuanzia Januari 2019. Wapo pia mawakala wanaonunua tiketi halisi kwa niaba yako, nao wana kesi zao. Aprili 2023 huko Texas, kundi moja lilitumia njia hiyo kununua tiketi zaidi ya milioni 25, karibu kila mpangilio wa namba unaowezekana, likabeba jakipoti ya dola milioni 95. Mwaka 2025 Texas ikawapiga marufuku mawakala, na tume iliyokuwa ikisimamia bahati nasibu ikavunjwa.

Kwa hiyo mimi nina sharti moja tu: tiketi iwe mkononi mwako, au iwe kwa jina lako kwenye akaunti ya mwendeshaji mwenye leseni ya nchi ambako droo inachezeshwa. Nje ya hapo hauna tiketi, una ahadi ya mtu usiyemjua. Ukiona sheria za nchi hiyo hazikuruhusu kununua ukiwa nje, basi, achana nayo. Tovuti rasmi ya National Lottery ya Uingereza, kwa mfano, haikuuzii ukiwa ng'ambo. Wakala anayekwambia ana njia ya kupita hapo, muulize njia gani, akuandikie.

Kodi kwa kifupi: Uingereza haikati zawadi ya bahati nasibu. Hispania inakata asilimia 20 ya kinachozidi euro 40,000. Marekani inamkata mgeni kodi ya zuio ya asilimia 30, na baadhi ya majimbo yanaongeza yake. Halafu kile kiasi kinachotangazwa cha Powerball hulipwa kwa mafungu 30 ndani ya miaka 29. Jakipoti ya dola bilioni 2.04 ya Novemba 2022 ilikuwa na thamani ya taslimu, yaani ukichukua zote kwa mkupuo, ya dola milioni 997.6. Na uwezekano wa kupata jakipoti ya Powerball ni mmoja kati ya 292,201,338, kwa hiyo anayekuuzia "mfumo wa namba" naye mkimbie.

Kama umeshalipa, piga simu benki leo hii uombe muamala upingwe, na upige picha ukurasa wao wa masharti, wote, kabla hawajaubadilisha. Ukipata majibu yao, yaweke hapa tuyasome pamoja.