Mtoto wa miaka 5 goti limevimba miezi miwili, kaandikiwa "dawa ya kansa". Ampe? (jibu kwa mleta mada)

Mleta mada, pole kwa kuuguza. Umeuliza mambo matatu. Binti wa miaka 5 anapataje baridi yabisi (uvimbe wa viungo wa muda mrefu) wakati kipimo cha damu cha rumatoidi kimetoka hasi? Kwa nini kaandikiwa methotrekseti, dawa unayoijua kuwa ya saratani? Na je, ndiyo hiyo hiyo anayotumia bibi yake mwenye vidole vilivyopinda? Najibu kwa urefu, maana dawa hii ikitumiwa sawasawa inaokoa viungo, na ikikosewa inaua.

Tuanze na kipimo. Kwa watoto majibu hasi ndiyo ya kawaida. Wenye majibu chanya ni kama 1 kati ya 20. Kwa hiyo karatasi ile haimtoi binti kwenye ugonjwa. Kinachoangaliwa ni hiki: ulianza kabla ya kutimiza miaka 16, kiungo kimevimba angalau wiki 6, na magonjwa yanayofanana nao yametafutwa na hayakuonekana. Huku kwetu hilo la tatu ndilo lenye kazi. Goti moja lililovimba miezi miwili linaweza kuwa TB ya kiungo, kwa hiyo picha ya kifua na maji ya goti vipimwe kabla ya mtu kuchoma steroidi (dawa kali ya kutuliza uvimbe) ndani ya goti. Selimundu ipimwe pia.

Waliokushauri "ni homa ya baridi yabisi, achomwe penisilini kila mwezi" wanachanganya magonjwa mawili. Homa ya baridi yabisi, ile inayofuata maambukizi ya bakteria wa koo, huhama: leo goti, keshokutwa kifundo, kila kiungo siku chache tu, na aspirini huituliza upesi. Ya mwanao imekaa palepale, na asubuhi anaamka mguu mgumu, anachechemea, mchana analegea na kucheza. Kipimo cha ASO kikiwa juu kinaonyesha tu kwamba aliwahi kuambukizwa bakteria wa koo, jambo la kawaida kwa watoto. Penisilini haitagusa uvimbe huu.

Kusubiri "akue utaisha" kuna gharama. Uvimbe huleta damu nyingi kwenye sehemu ya mfupa inayokua, kwa hiyo kwa mtoto mdogo mguu unaoumwa hurefuka kuliko mwenzake, na goti huzoea kukunjwa hadi likashindwa kunyooka.

Sasa macho, jambo ambalo hukuuliza na ndilo linalonitia wasiwasi kuliko goti. Watoto wadogo wenye viungo vichache vilivyovimba, hasa wa kike na wenye kipimo cha damu kiitwacho ANA kikiwa chanya, hupata uvimbe ndani ya jicho bila maumivu na bila jicho kuwa jekundu. Mtoto hasemi kitu, mzazi haoni kitu, halafu siku moja kuna mtoto wa jicho au presha ya jicho na uoni umeshapotea. Tochi ya zahanati haiuoni. Anatakiwa daktari wa macho mwenye darubini ya mwanga mwembamba, mara tu ugonjwa unapogundulika, kisha kila miezi 3 kwa watoto wa kundi hili, hata kama goti limeshapona. Goti na jicho haviendi pamoja.

Turudi kwenye dawa. Kwa saratani hutolewa kwa dozi kubwa mno; kwa viungo ni dozi ndogo, mara moja kwa wiki, kuituliza kinga inayoshambulia mwili wake wenyewe. Utafiti uliofanyika Marekani na Umoja wa Kisovieti, ukachapishwa mwaka 1992, uliwagawa watoto 127 katika makundi matatu kwa miezi 6. Waliopata miligramu 10 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, asilimia 63 walipata nafuu. Waliopata dawa bandia (kidonge kisicho na dawa, cha kulinganishia), asilimia 36. Waliopata miligramu 5 hawakuwazidi wa dawa bandia, na ndiyo maana kumpunguzia mtoto "ili isimdhuru" ni kumpa bure.

Hesabu ya eneo la mwili: zidisha urefu kwa sentimita na uzito kwa kilo, gawa kwa 3600, tafuta kipeuo cha pili (square root). Mtoto wa sm 110 na kilo 18 anapata mita za mraba 0.74. Dozi ya kawaida ni 10 hadi 15 kwa mita ya mraba, yaani takriban miligramu 7.5 hadi 11. Vidonge vya miligramu 2.5 vitakuwa 3 au 4 KWA WIKI. Linganisha na ulichoandikiwa. Kikipishana sana, rudi ukaulize kabla ya kumpa. Angalia pia boksi, kwa sababu vipo vidonge vya miligramu 10, na vitatu vya hivyo ni dozi mara nne.

Kosa linaloua ni kumpa kila siku. Hutokea hivi: anaandikiwa pia asidi ya foliki (vitamini ya kupunguza madhara ya methotrekseti), na mara nyingi vidonge vyote viwili ni vya njano. Anayebaki na mtoto anavibadilisha. Tenga makopo, chagua siku moja, andika kwa kalamu nene "IJUMAA TU". Foliki ya miligramu 5 apewe siku nyingine, au kama daktari alivyopanga. Ukisahau, mpe ndani ya siku mbili. Zikipita, subiri wiki ijayo, usirundike dozi. Vidonda mdomoni, homa, michubuko isiyo na sababu: simamisha, nenda hospitali siku hiyo hiyo, taja jina la dawa. Kuna dawa ya kuizuia, asidi ya folini, na inafanya kazi vizuri ikiwahi.

Hatari ya pili ni kuchanganya na Septrin (antibayotiki) na SP ya malaria. Zote, kama methotrekseti, huzuia kazi ya foleti, vitamini ambayo mwili hutumia kutengeneza damu, na zikikutana na methotrekseti uboho unaotengeneza damu unaweza kuzimika. Duka la dawa watampa Septrin kwa kikohozi bila kuuliza. Wewe ndiye wa kusema.

Kichefuchefu ni cha kawaida. Mpe usiku baada ya kula. Watoto wengine hufika mahali wanatapika kwa kukiona tu kidonge. Usimlazimishe, omba sindano ya chini ya ngozi. Usisage vidonge, na mjamzito asivishike. Damu, ini na figo vipimwe kabla ya kuanza, tena ndani ya mwezi 1 hadi 2, kisha kila miezi 3 au 4. Nafuu huchukua wiki 8 hadi 12. Wengi huacha wiki ya nne wakidhani haifanyi kazi. Chanjo za virusi hai, kama surua na homa ya manjano, usimpeleke bila kumuuliza daktari wake.

Kuhusu bibi: dawa ni ile ile, ila watu wazima hupandishwa hadi miligramu 20 au 25 kwa wiki. Kama haimtoshi, msikimbilie kuuza shamba kwa ajili ya sindano za kibayolojia, zile za bei kubwa zinazolenga kinga ya mwili. Utafiti wa mwaka 2013 kwa watu wazima 353 uliongeza vidonge vya sulfasalazini na haidroksiklorokwini juu ya methotrekseti, na matokeo hayakuwa duni kuliko ya kuongeza etanesepti, mojawapo ya sindano hizo. Muulizeni daktari wake kuhusu hizo tatu kwanza. Na vile vidonge vya "baridi" visivyo na jina anavyonunua mnadani, kama uso umeanza kuvimba mviringo, huenda vina steroidi. Asiviache ghafla, avipeleke kliniki wampunguzie taratibu.